Lalamiko Lenye Jina: Mhadhara juu ya Waumini Wanaomchimba Paroko Wao

(Mhadhara huu ulitolewa katika ukumbi wa parokia mbele ya mapadre, watawa, makatekista na viongozi wa walei wa dekania, na unachapwa hapa kama ulivyosemwa.)



Baba Dekano, waheshimiwa mapadre, masista, makatekista, wenyeviti na makatibu wa halmashauri za walei, akina mama wa WAWATA, wazee wangu na wanangu: nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama mbele yenu jioni hii, hali mimi si padre wala si mwanazuoni wa sheria za Kanisa, bali ni mwalimu mstaafu aliyekalia kiti cha ukatibu wa halmashauri ya walei muda mrefu kiasi cha kuwapokea maparoko sita na kuwaaga watano. Nimeombwa niseme juu ya waumini wanaomchimba paroko wao. Ningaliweza kutaka udhuru, maana maudhui haya yana miiba. Lakini mtu aliyepata kukaa jikoni majungu yanapopikwa, akayaona yakiiva naye asiutoe ukuni hata mmoja, hana ruhusa ya kunyamaza anapoulizwa.

Kusudi langu ni moja, nami nalitaja mapema ili mnipime kwalo. Nataka kuthibitisha kwamba mnong'ono dhidi ya padre haufi kwa ukali wake, wala haufi kwa saburi yake peke yake. Hufa mbele ya baraza, yaani mahali halali ambapo kila mwenye neno hulisema kwa jina lake, na kila mwenye dhamana hulijibu kwa hesabu yake. Nitaleta hoja tano, na baada yake tutazame mbele pamoja.

1. Lalamiko ni haki, fitina ni dhuluma

Kabla ya kumlaumu mtu yeyote yatupasa kutenganisha mambo mawili ambayo ndimi zetu huyachanganya, kwa maana si kila anayempinga paroko anamchimba. Sheria ya Kanisa iliyotangazwa mwaka 1983, katika kanuni ya 212, inawapa waamini haki, na pengine inawatwika wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao maoni yao katika mambo yahusuyo mafaa ya Kanisa, ilimradi wahifadhi imani, maadili na staha. Na kabla ya hapo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya Kanisa, ulikuwa umekwisha kuwaagiza wachungaji wapokee kwa radhi mashauri ya busara ya walei. Basi padre anayemwita kila mwenye swali adui wa Kanisa anamnyima muumini kitu alichopewa na Kanisa lenyewe.

Lalamiko la haki lina alama nne. Lina mwenyewe, kwa kuwa yupo mtu anayesema, "Ni mimi." Lina mahali, kwa kuwa hupelekwa kwa yule linayemhusu, au kwa mwenye mamlaka juu yake. Lina ithibati, kwa kuwa hutaja siku, kiasi na tendo. Tena lina mwisho, kwa kuwa likijibiwa kwa insafu hutulia. Fitina haina hata moja katika hayo manne: mwenyewe ni "watu wanasema", mahali pake ni chini ya mwembe baada ya Misa, ithibati yake ni kukonyezana, na ukiijibu leo kwa stakabadhi, kesho huja imevaa kanzu nyingine.

Hapa naomba nisikiwe vema, hasa na yeyote anayedhani nimekuja kuwafunga watu midomo. Liko kosa lisilosubiri kikao cha halmashauri. Padre, au mtu mwingine awaye yote, akimdhulumu mtoto au mnyonge katika mwili wake, habari hiyo ipelekwe mara moja kwa askofu na kwa vyombo vya dola. Na Papa Fransisko, kwa waraka wake wa mwaka 2019, aliwafunga mapadre na watawa kwa wajibu wa kuitoa taarifa ya namna hiyo kwa wakuu wa Kanisa. Anayeitoa hamchimbi padre. Anamwokoa mtoto, na anaiokoa nyumba ya Mungu.

2. Ugonjwa huu ni wa kale, na dawa yake ni ya kale

Wengi hudhani kwamba mambo haya yamezaliwa na simu za mkononi na makundi ya kutumiana ujumbe, na kwamba wazee wetu waliishi na mapadre wao kwa mapenzi matupu. Sivyo. Yapata mwaka 96, wakati wazee waliokuwa wamewaona mitume bado wako hai, Wakristo wa Korintho waliwaondoa katika huduma baadhi ya makasisi wao ambao hawakuwa na lawama, kwa uchochezi wa watu wachache. Kanisa la Roma likawaandikia waraka mrefu, ambao tangu zamani hunasibishwa na Mtakatifu Klementi, likiwaonyesha kwamba husuda ndiyo iliyomwua Abeli na ndiyo iliyowatesa Petro na Paulo. Kisha likawataka wachochezi wenyewe, ikiwa wana moyo wa kiungwana, wakubali kuondoka ili kundi lipate amani. Yatazameni mambo yalivyogeuzwa hapo: jumuiya ilidhani amani itakuja kwa kuondoka mchungaji, nao waraka ukamwuliza mchochezi kama yeye yu tayari kuondoka.

Na matunda yake? Takriban miaka 70 baadaye Dionisio, askofu wa Korintho, aliandika kwamba waraka ule ulikuwa ungali ukisomwa kanisani mwao. Watu waliokaripiwa waliyahifadhi makaripio yao, wakawasomea wajukuu zao. Sijui ishara nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo ya jumuiya iliyotubu.

Mfano wa pili ni wa Mtakatifu Yohane Maria Vianney, aliyefika Ars nchini Ufaransa mwaka 1818, kijiji kidogo mno, akakaa humo hata kufa kwake mwaka 1859. Huyu ambaye Kanisa limemfanya msimamizi wa maparoko alisingiziwa uchafu, akaandikiwa barua zisizo na majina. Na karatasi ya kumshitaki kwa askofu, iliyokuwa ikipitishwa kwa mapadre wenzake waitie sahihi, ilipomfikia kwa bahati, aliitia sahihi yake mwenyewe akaipeleka. Natukuza unyenyekevu huo, lakini nawaomba walei wenzangu wasiufanye kisingizio. Utakatifu wa anayeonewa haumpunguzii dhambi anayeonea.

3. Mashina ya ugomvi: ufunguo, hesabu na kiti

Katika miaka yangu yote ya ukatibu sikupata kuona fitina iliyoanza kwa mambo ya imani. Hakuna aliyemchukia paroko kwa sababu ya fumbo la Utatu Mtakatifu. Chuki huanza kwa vitu vitatu.

Cha kwanza ni ufunguo. Paroko wa zamani alikuwa amemwachia mzee mmoja funguo za sakristia, na mwalimu wa kwaya ufunguo wa chumba cha kinanda. Paroko mpya akafika, akabadili makufuli bila kuwaita, akidhani anatengeneza utaratibu. Kufuli ni chuma, lakini mzee yule aliyekuwa akifika saa kumi na moja alfajiri kuwasha mishumaa alisikia katika mlio wake kwamba hatakiwi tena. Wiki ya pili akaanza kusema, "Padre aliyepita hakuwa hivi." Neno hilo ni dogo, nami nimeliona likizaa kambi mbili katika kanisa moja.

Cha pili ni hesabu. Waumini wetu si matajiri; zaka zao hutoka katika mishahara midogo, na mavuno yao huja kanisani yakiwa gunia la mahindi, mkungu wa ndizi na kuku aliyefungwa miguu. Mtu aliyetoa hivyo husikia kila Jumapili kiasi kilichokusanywa, na asisikie hata mara moja kiasi kilichotumika. Ukimya huo ni shamba lililolimwa, na mbegu yoyote huota humo. Sheria yenyewe imeona hatari hiyo: kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha, na kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wa mali wawape waamini hesabu ya kile walichokitoa. Paroko anayesoma hesabu hamfanyii mtu hisani, anatimiza sheria.

Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, alituachia kielelezo. Mmoja wa mapadre waliokaa pamoja naye, aitwaye Januario, alikuwa ameahidi kuishi bila mali yake mwenyewe, kumbe aliweka fedha, na alipokaribia kufa akaandika wasia wa kuliachia Kanisa fedha hizo. Habari ikaenea mjini. Augustino angaliweza kuifunika; badala yake, karibu na mwisho wa mwaka 425, aliwakusanya watu wake akawaeleza jambo lote, akakataa urithi ule, kisha mwanzoni mwa mwaka uliofuata akarudi mbele yao na habari ya mapadre wake mmoja mmoja, ana nini na amefanyia nini. Mzee wa zaidi ya miaka 70, mwalimu wa ulimwengu, alisimama akatoa hesabu kwa wavuvi na wachuuzi. Nani baada ya hapo angepata soko la kuuzia mnong'ono?

Cha tatu ni kiti. Uchaguzi wa halmashauri ukifika, wako wanaoingia kwa kutaka kutumika, na wako wanaotaka kutawala. Na hawa wa pili, wakigundua kwamba kanuni ya 536 imelipa baraza la kichungaji sauti ya ushauri tu, huona wamepunjwa. Haifai kuwaficha jambo hilo wanapogombea. Wakati huohuo paroko naye akumbuke kwamba shauri linaloombwa kila mara na kutupwa kila mara ni dharau iliyovikwa adabu.

4. Mabati thelathini

Sasa, ndugu zangu, nitoke vitabuni niwaambie la kwangu. Kigango chetu kimoja kilicho ng'ambo ya mto kilikuwa kimechangishana kwa miaka miwili kikanunua mabati 30 ya kuezekea kanisa. Kuta zilikuwa hazijafika kwenye lenta, mvua za masika zikakaribia, na paroko wetu, kwa kuchelea wizi, aliyapeleka mabati hayo kwenye ghala la parokia ya jirani. Mtunza ghala akaandika stakabadhi yenye idadi, tarehe na sahihi, naye paroko akanikabidhi mimi, katibu. Nikaitia ndani ya daftari la buluu, na daftari ndani ya sanduku langu la bati.

Hazikupita wiki tatu ikasemwa kwamba paroko ameuza mabati ya kigango akanunulia pikipiki yake magurudumu mapya. Nilisikia nikiwa nimesimama palepale chini ya mwembe. Nilikuwa naijua kweli, na kweli ilikuwa sandukuni mwangu. Lakini mwezi mmoja nyuma paroko alikuwa amenisahihisha mbele ya kikao kwa ajili ya muhtasari niliouchelewesha, na moyo wangu ulikuwa bado una donge. Nikanyamaza. Sikusema uongo hata neno moja. Nilisimama tu, nikasikiliza, na watu waliponitazama usoni nikainamisha macho. Walioniona walisema, "Hata katibu hakukana."

Kigango kiliacha kutoa zaka. Padre akija kusomesha Misa, nusu ya watu walibaki nje. Baada ya miezi sita aliomba uhamisho, akaenda. Kabla mwaka haujaisha kuta zilikamilika, lori likaleta mabati kutoka parokia ya jirani, tukayahesabu mbele ya wote: 30. Hakuna aliyesema neno.

Nilisafiri kutwa nzima kumfuata yule padre. Nilimkuta akipalilia mahindi nyuma ya nyumba yake. Akaweka jembe chini, akanipa kiti na maji ya kunywa, akanisikiliza hata mwisho. Akasema kwamba kwa upande wake amekwisha nisamehe, lakini jina lake halipo hapo shambani. Nimeliangusha ng'ambo ya mto, basi nikaliokote nilikoliangusha. Jumapili iliyofuata nilisimama kigangoni, nikaishika ile stakabadhi juu, nikaisoma: idadi, tarehe, sahihi. Bibi mmoja mkongwe, ambaye nilijua alitoa thamani ya bati moja kwa kuuza kuku wake watano, alinitazama akauliza kwa sauti ya chini, "Kumbe, mwalimu, ulikuwa nayo?"

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatufundisha kupambanua makosa matatu juu ya sifa ya mtu: kumhukumu kwa pupa pasipo msingi, kuyatangaza makosa yake ya kweli pasipo sababu ya haki, na kumsingizia asilolitenda, tena inatufundisha kwamba mwenye kuharibu jina la mtu, hata akisamehewa, ana wajibu wa kufidia. Swali la bibi yule lilinifundisha kwamba msingiziaji ana mshirika: yule ajuaye kweli akaketi juu yake.

Na lipo la kuongeza. Kwa kanuni za 1740 na 1741, askofu anaweza kumwondoa paroko ambaye huduma yake imekuwa haina manufaa, hata pasipo kosa lake kubwa, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni chuki ya watu isiyotazamiwa kwisha upesi. Mlango huo umewekwa kwa ajili ya wokovu wa roho, lakini wachonganishi huupigia hodi. Hushinda wakati mwingine, nasi tulishinda. Lakini parokia iliyojifunza kumwondoa mtu kwa mnong'ono imejifunza ufundi, na fundi hakosi kazi: paroko aliyefuata hakumaliza mwaka kabla hajaanza kusemwa yeye naye.

5. Wajibu wa kila mmoja

Kwa waheshimiwa mapadre nasema kwa tadhima: msijibu fitina altareni. Pale mnacho kipaza sauti, na anayejibiwa hana; tena aghalabu mchochezi siku hiyo hakuja, na wanaokaripiwa ni akina mama walioamka usiku kuja kuwaombea. Fuateni daraja tulizowekewa katika Injili ya Mathayo: mwendee mtu peke yake; akikataa, mchukue shahidi mmoja au wawili; akikataa tena, liende mbele ya kanisa, yaani halmashauri, dekano, na mwisho askofu. Mkienda kwake, anzeni kwa kuuliza, kwa kuwa pengine chini ya maneno yake yote mtakuta ufunguo alionyang'anywa. Na hesabu zisomwe kila robo mwaka, kisha zibandikwe ubaoni penye matangazo, ili asiyesikia asome.

Kwa viongozi wa walei: mtu akikuletea neno juu ya padre, mwulize maswali matatu kabla hajaketi. Umeliona, au umelisikia? Umemwambia mwenyewe? Je, niliandike kwa jina lako? Nimeyatumia maswali haya miaka mingi baada ya aibu yangu, na katika kila watu kumi walionijia na neno, wengi waliondoka kwenye swali la tatu. Waliobaki walikuwa na malalamiko ya kweli, nasi tulikwenda nao mpaka mwisho. Mtume Paulo alimwagiza Timotheo asipokee mashitaka juu ya mzee wa kanisa pasipo mashahidi wawili au watatu, na amri hiyo inamlinda padre na mlalamikaji kwa pamoja. Barua isiyo na jina isisomwe kikaoni. Lakini ikitaja hatari kwa mtoto au tendo linaloweza kuchunguzwa, ipelekwe kwa mwenye mamlaka.

Kwa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wetu wa Afrika ya Mashariki walizifanya nguzo ya uchungaji katika mkutano wao wa AMECEA wa mwaka 1976: ninyi ndio njia ya haraka kuliko zote ya kupitishia uvumi, na kwa sababu hiyohiyo ndio mahali pa kwanza pa kuuzima. Neno juu ya padre likizuka katika sala ya jumuiya, mwenyekiti aseme pale pale nani atakwenda kuuliza, na lini ataleta jibu. Wala haya si mageni kwetu: Askofu Yosefu Kiwanuka wa Masaka nchini Uganda, aliyewekwa wakfu mwaka 1939, alianzisha mabaraza ya parokia yaliyochaguliwa na waamini wenyewe, wakati wengi walipodhani kwamba Mwafrika hajawa tayari kwa hilo. Basi asituambie mtu kwamba baraza ni mtindo uliotujia juzi.

Nasi tutazame mbele

Hati ya mwisho ya sinodi iliyomalizika Roma mwezi Oktoba 2024 inahimiza uwazi na kutoa hesabu katika ngazi zote za Kanisa, tena inataka mabaraza ya ushiriki yawe ya lazima. Kwa hiyo vijana wa VIWAWA ninaowaona nyuma ya ukumbi huu wataketi katika mabaraza yenye uzito kuliko yale tuliyoyakalia sisi, na mapadre watakaowahudumia ni watoto ambao leo hukaa mkekani Jumapili mchana wakisikiliza baba na mama wanavyomtaja paroko mbele ya chakula. Mtoto aliyeshiba dharau kwa padre hatatamani kuwa padre. Na mtoto aliyefundishwa kwamba padre haulizwi, akipata upadre atakataa kuulizwa. Tuwalee katika njia iliyo kati ya hizo mbili: kuheshimu, na kuuliza kwa jina.

Mwaka huu nimekabidhi ukatibu kwa kijana wa miaka 31. Nilimpa muhuri, orodha ya jumuiya na sanduku la bati. Akalifungua, akalikuta daftari la buluu, na katika ukurasa wa kwanza akaikuta stakabadhi ya mabati 30 niliyoibandika kwa gundi. Akaniuliza ni ya nini, maana kanisa lile lina paa siku nyingi. Nikamwambia aiache hapohapo, na kila atakapolifungua daftari kuandika muhtasari aisome kwanza.